Shirika Lenu na Uchaguzi wa Njia ya Kupanga Bajeti

Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inalitaka kila shirika kuwasilisha taarifa ya shughuli zake za mwaka pamoja na hesabu zilizokaguliwa. Sheria hiyo haiyaelekezi mashirika namna ya kupanga bajeti. Uamuzi huo ni wa bodi na wanachama, na katika sura hii tunakusudia kuwasaidia kuufanya.

Njia iliyozoeleka zaidi ni kuichukua bajeti ya mwaka uliopita na kuongeza asilimia kadhaa kwa ajili ya kupanda kwa bei. Ina wepesi wake, na kwa chama kinachoendeshwa kwa ada za wanachama wale wale kila mwaka hatuoni sababu ya kuiacha. Kwa shirika linalotegemea ruzuku, hata hivyo, njia hii huficha jambo zito, nalo ni kwamba fedha za mfadhili zina masharti na zina tarehe ya mwisho.

Tuchukue mfano wa kubuni wa shirika la msaada wa kisheria lenye wafanyakazi wanne. Limepanga kutumia shilingi milioni 111: milioni 81 kwa kazi za mradi vijijini, na milioni 30 kwa kodi ya pango, umeme, mshahara wa mhasibu na ada ya mkaguzi. Mapato yaliyoandikwa ni ruzuku ya milioni 90, michango ya wanachama milioni 6, na milioni 15 kutoka kwa ombi ambalo bado halijajibiwa. Kwenye karatasi, mapato na matumizi yamelingana, na bodi imepitisha.

Mkataba wa ruzuku, hata hivyo, unaruhusu milioni 9 tu zitumike kwa gharama za ofisi. Tukijumlisha na michango ya wanachama, ofisi ina milioni 15 za uhakika, wakati inahitaji milioni mbili na nusu kila mwezi. Fedha hizo zitakwisha mwishoni mwa Juni. Mwezi Julai benki itakuwa bado na fedha za mradi, mhasibu hajalipwa, na mwenye nyumba anabisha hodi. Hapo ndipo kishawishi cha "kuazima" fedha za mradi huanza, kwa nia njema kabisa. Mfadhili akigundua, anaweza kudai arejeshewe fedha ambazo shirika halina, na wananchi waliokuwa na mashauri mahakamani hubaki bila wa kuwasimamia.

Kwa sababu hiyo tunalishauri shirika lenye wafadhili zaidi ya mmoja, au lenye mfadhili mmoja mwenye masharti makali, lipange bajeti kwa kila chanzo cha fedha. Kila gharama iwe na safu inayoonyesha nani anailipia, na gharama isiyo na mlipaji ionekane wazi badala ya kumezwa na jumla. Mshahara uandikwe pamoja na mchango wa mwajiri. Michango ya NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu ya mwajiri husahaulika kuliko kifungu kingine chochote.

Mashirika mengine huuliza kuhusu bajeti inayoanzia sifuri, ambamo kila kifungu hutetewa upya kana kwamba hakijawahi kuwapo. Njia hii ilianzishwa na Peter Pyhrr katika kampuni ya Texas Instruments. Jimmy Carter aliitumia alipokuwa gavana wa Georgia, kisha akaipeleka katika serikali kuu ya Marekani mwaka 1977. Ikaachwa mwaka 1981. Ilidai karatasi na muda mwingi mno. Kwa shirika dogo, kuifanya kila mwaka ni mzigo usio wa lazima. Inafaa zaidi kuchagua idara au mradi mmoja kila mwaka na kuuchambua kwa njia hiyo, hasa mradi ambao hakuna anayekumbuka ulianzishwa kwa sababu gani.

Lipo pia suala la fedha zisizo na uhakika. Tarehe 20 Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na programu nyingi hazikurudi tena. Hata mikataba iliyokwisha kusainiwa iliguswa. Kwa hiyo tunashauri bodi ipitishe bajeti mbili kwa pamoja: moja ya fedha zilizosainiwa pekee, nyingine ikijumuisha zinazotarajiwa. Bajeti ya kwanza ndiyo ya kutumia tangu Januari. Ya pili huanza pale tu fedha zinapoingia benki. Muhtasari wa kikao utaje mapema ni shughuli ipi itasimama kwanza fedha zikikosekana, kwa kuwa uamuzi huo ukifanywa wakati mishahara imechelewa huwa ni ugomvi.

Njia yoyote mtakayoichagua, igawanyeni kwa miezi kumi na miwili. Mweka hazina alete mbele ya bodi, kila baada ya miezi mitatu, ukurasa mmoja wenye safu tatu: kilichopangwa, kilichotumika, na salio la kila mfadhili. Salio la benki pekee halitoshi, kwa kuwa halisemi fedha hizo ni za nani.