Kifurushi "Kisicho na Kikomo"

Ndugu Makatibu na Wajumbe wa Bodi,

Tangu taarifa za vyama zianze kupelekwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika kwa mfumo wa MUVU, ofisi ya chama haina budi kuwa na intaneti. Wauzaji hunadi kifurushi cha mwezi "kisicho na kikomo". Mara nyingi kisicho na kikomo ni muda wa kuunganishwa tu. Wingi wa data una kiwango chake, nacho huandikwa kwa herufi ndogo kwa jina la "sera ya matumizi ya haki". Kiwango kikipitwa, mtandao haukatwi, bali kasi hushushwa. Waraka wa megabaiti 5 hupita kwa sekunde 4 katika kasi ya megabiti 10 kwa sekunde. Katika kilobiti 128 huchukua zaidi ya dakika 5, endapo hautakwama njiani. Na wakati wa msimu wa alizeti anayelaumiwa ni katibu!

Kabla ya Bodi kuidhinisha malipo, muuzaji atakiwe kueleza kwa maandishi: kiwango ni gigabaiti ngapi, kasi baada yake ni ipi, na hurejeshwa lini. Malalamiko yapelekwe kwanza kwa kampuni yenyewe. Yasiposhughulikiwa, yafikishwe Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003.

Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika,
Kiomboi