Nani Amtajaye Mpiga Besi?

Majuzi alinijia nyumbani, hapa Nakuru, binti mmoja wa shule ya sekondari, akiwa amebeba gitaa la besi ndani ya gunia lililoshonwa likawa mfuko. Huipiga ala hiyo kanisani kila Jumapili. Alikuwa ameomba kuitumia katika zoezi la vitendo la somo la muziki, akakataliwa. "Mwalimu," aliniambia, "nimeelezwa kwamba besi si ala ya kusimama peke yake. Nimeshauriwa nichague filimbi au niimbe." Shule yake siitaji, wala aliyempa jibu hilo simlaumu sana, maana hata mimi niliamini hivyo kwa miaka mingi, tena nikiwa mwenyewe mpiga besi.

Nilianza mapema katika miaka ya 1980, nikiwa mwalimu kijana mwenye mshahara mdogo na Jumamosi zisizo na shughuli. Katika bendi yetu gitaa la solo lilikuwa la fundi, la rithimu lilikuwa la swahiba yake, na besi ilimwangukia aliyechelewa kufika siku ya kwanza ya mazoezi. Aliyechelewa ni mimi. Nilijiona nimepewa kazi ya punda, kubeba mizigo ya wengine na kutotajwa safari inaposimuliwa.

Nakuru ndiyo iliyonifumbua macho. Mji huu, uliofikiwa na reli mwaka 1900 na kupewa hadhi ya jiji mwaka 2021, umejengwa kwa sehemu kubwa na watu waliotoka kwingine. Ukumbini, usiku mmoja, wangeketi Wakikuyu, Wajaluo, Wakalenjin, Waluhya na Wakisii, na kila meza ilitaka wimbo wake. Mwimbaji aliweza kubabaisha maneno. Mpiga solo aliweza kurudia madoido yaleyale katika kila wimbo na bado akashangiliwa. Mpiga besi hakuwa na pa kujificha. Akikosea, wachezaji husimama bila kujua sababu. Hujua tu kwamba miguu imekataa.

Muziki wa country, ambao sisi watu wa Bonde la Ufa tumeupenda kupita kiasi (Jim Reeves alifariki mwaka 1964, lakini katika matatu zetu hajapata habari hiyo), hudai besi itembee kama mkulima aendaye shambani: noti ya msingi, noti ya tano, msingi tena, tano tena, bila haraka. Rumba ya Kongo huitaka iyumbe pamoja na viuno, na wimbo ufikapo kwenye sebene, iruke. Benga ni jambo jingine kabisa. Nilipoipiga mara ya kwanza niliifuata ngoma, na watu wakarudi vitini mwao. Wakati wa mapumziko mzee mmoja wa Kijaluo, mstaafu wa reli, aliniita pembeni.

"Kijana wangu," akasema, "umewahi kumsikiliza mpiga nyatiti?"

"La, Mzee."

"Basi hujui unachokifanya."

Jumapili iliyofuata alinionyesha. Nyatiti ina nyuzi nane. Baadhi hutoa sauti nyembamba, nyingine sauti nzito, na mpigaji huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, akagonga nayo ubao wa ala ili apate mapigo. Papo hapo huimba. Mtu mmoja ni bendi nzima. Kina Daniel Owino Misiani wa Shirati Jazz, aliyezaliwa upande wa Tanzania akavumia Kenya, waliyahamishia mambo hayo kwenye magitaa ya umeme, na zile nyuzi nzito zikawa besi. Ndiyo maana besi ya benga haisindikizi. Inajibizana. Solo ikiuliza, besi hujibu, wakati mwingine kwa ukali. Nilipolielewa hilo nilirudi ukumbini na watu hawakuketi.

Bendi yetu ilidumu, kwa vipindi, hadi tukawa wazee. Ilikuwa na watu wa makabila manne. Haikuvunjwa na fedha wala wivu, magonjwa ya kawaida ya bendi. Iliisha Januari 2008, mji ulipowaka moto baada ya uchaguzi. Mpiga ngoma wetu aliondoka na familia yake katika lori, akiacha ngoma zake mbili sebuleni kwangu. Bado zipo.

Mtu asidhani kwamba mchanganyiko huo wa muziki uliletwa na sisi wa magitaa ya umeme. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, alirekodi nyimbo za Wakipsigis katika eneo la Kericho. Mojawapo ilikuwa ya wasichana waliomwimba kiumbe aitwaye Chemirocha, nusu mtu, nusu paa. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye sauti yake ilikuwa imefika vilimani huko kwa santuri. Wasichana wale hawakumwiga. Walimchukua, wakampa kwato, wakamfanya wao.

Kericho hiyohiyo, kilomita zipatazo mia moja kutoka hapa, ndiko kampuni ya Chandarana iliporekodi wanamuziki wengi wa magharibi mwa Kenya, Wajaluo na Wakalenjin wakiwemo. Santuri zangu chache za miaka ile ninazo kabatini. Karatasi ya katikati hunieleza jina la wimbo, jina la bendi na jina la mtunzi. Aliyepiga besi hayumo.

Kwa hiyo nikimuuliza mwalimu mwenzangu, "Sina Makosa ni wimbo wa nani?" atanijibu mara moja: Les Wanyika. Nikimuuliza nani aliimba, huenda akamtaja Issa Juma au John Ngereza. Nikimuuliza nani alipiga besi, atanitazama. Ni Tom Malanga. Alikuwa katika Simba Wanyika, bendi ya ndugu Wilson na George Peter Kinyonga wa Tanga, waliokuja Kenya kutoka Arusha mwaka 1971. Mwaka 1978 aliondoka pamoja na mpiga rithimu Omar Shabani na wengine, wakaunda Les Wanyika. Wanamuziki hawa wa Kitanzania walipiga rumba yenye asili ya Kongo, wakaimba Kiswahili cha kwao, na wakapendwa na wasikilizaji wa Kenya nzima.

Isikilizeni besi yake katika wimbo huo. Haisemi mfululizo. Inatoa maneno machache, inanyamaza pale ambapo kila mpigaji mwingine angejaza, kisha inarejea mahali ambapo sikio halikuitarajia. Nilitumia miezi kadhaa kujifunza noti zake, na nikazijua zote. Kule kunyamaza kwake sikukuweza, na nadhani sitakuweza.

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Nimefundisha muziki darasani kwa miaka mingi. Nimepeleka kwaya kwenye Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927. Nimechora ubaoni mistari mitano na alama ya besi mbele yake, nikawaadhibu walioikosea. Wakati wote huo gitaa langu la besi lilikuwa chini ya kitanda, kwa kuwa mkuu wangu mmoja aliwahi kusema kwamba gitaa la umeme ni la walevi, nami sikumbishia. Wanafunzi wangu waliijua alama ya besi. Besi yenyewe hawakuisikia kwangu hata siku moja.

Besi ya umeme iliyoenea duniani ilitoka katika karakana ya Leo Fender huko California mwaka 1951. Ni ala changa. Robo karne baadaye, mwaka 1976, Mmarekani Jaco Pastorius alitoa santuri yenye kipande cha besi tupu, bila ngoma wala kinanda, akiugusa uzi kidogo bila kuubana hadi ukalia kama kengele. Santuri hiyo ilifika Douala, Kameruni, mikononi mwa kijana Richard Bona, aliyezaliwa mwaka 1967 katika kijiji cha Minta. Utotoni alikuwa amejitengenezea gitaa lenye nyuzi za breki za baiskeli, jambo ambalo vijana wa mitaa yetu ya Nakuru wanalifahamu vizuri. Alikwenda Ulaya, na mwaka 1995 akahamia New York, akapiga na mabingwa wa jazi. Alipotoa albamu yake ya kwanza mwaka 1999, aliimba kwa Kiduala. Siku hizi husimama jukwaani peke yake kwa dakika kadhaa, na hakuna anayeulizia bendi iko wapi.

Nilimweleza binti yule mambo haya yote, pengine kwa urefu uliomchosha, maana alikuwa akitazama mlango. Nikamwomba apige. Hatukuwa na amplifaya wala spika, basi akaegemeza kichwa cha gitaa kwenye mlango wa kabati ili mbao ziikuze sauti. Ujanja huo sikumfundisha mimi. Alianza na wimbo wa kanisani, kisha akapiga besi ya Sina Makosa, hiyo tupu, akiharakisha kidogo mahali pa kunyamaza.

Mke wangu alikuwa jikoni na hakuwa ameambiwa kinachoendelea sebuleni. Akaanza kuimba maneno ya wimbo, kuanzia ubeti wa kwanza.

Nimemwandikia barua mwalimu wa muziki wa shule ile, nikiomba binti asikilizwe mara moja tu kabla ya uamuzi kuwa wa mwisho. Nimejitolea kuleta amplifaya mwenyewe. Kufikia leo sijapata jibu.