Kufunga Redio ya Upepo Katika Gari la Chama

Baadhi ya makatibu wa vyama vya uchukuzi vya Temeke na Kinondoni wametuomba maelezo juu ya jambo hili. Redio ya upepo, ambayo madereva huiita redio koli, ingali na kazi yake hata katika siku hizi za simu za mkononi: mtu wa ofisini hubonyeza mara moja tu, na madereva wote walio karibu humsikia kwa pamoja. Lakini ikifungwa ovyo, huweza kuliunguza gari lililonunuliwa kwa hisa za wanachama.

Kosa la kawaida ni fundi kuchukua umeme kwenye waya wa redio ya muziki au wa kiwashio cha sigara, kwa kuwa uko karibu. Redio ya upepo inaposikiliza hutumia umeme mdogo, aghalabu chini ya ampea 1. Dereva anapobonyeza ili aseme, redio ya wati 45 huvuta ampea 10 au zaidi. Waya mwembamba wa milimita 1 ya mraba, wenye urefu wa mita 4 kwenda na 4 kurudi, hupoteza takriban volti 1.4 kwa mzigo huo. Matokeo yake ni kwamba dereva husikia vizuri lakini yeye hasikiki. Hapo redio hulaumiwa bure, na chama huingia gharama ya kununua nyingine.

Umeme na uchukuliwe moja kwa moja kwenye betri, kwa waya wa shaba wa milimita 4 za mraba. Fyuzi iwekwe karibu na betri, umbali usiozidi shubiri moja. Wengi huiweka nyuma ya redio wakidhani inalinda redio tu. Kazi yake kubwa ni kulinda waya. Waya upitao kwenye ukuta wa injini, usipovikwa mpira, husuguliwa na bati hadi ukachubuka. Ukigusa bodi, na fyuzi iko upande wa pili, betri humwaga mamia ya ampea na waya huwaka katika muda mfupi sana. Fyuzi ikikatika, isizibwe kwa karatasi ya sigara. Atafutwe aliyeikata.

Malori makubwa yanahitaji uangalifu zaidi. Mengi hutumia volti 24 kutoka betri mbili za volti 12 zilizofuatana, na redio nyingi ni za volti 12. Wapo mafundi wanaoifunga redio kwenye betri moja tu kati ya hizo. Redio hufanya kazi, na kila mtu huridhika. Lakini betri hiyo hupungua umeme kila siku, nayo mwenzake huchajiwa kupita kiasi, na baada ya miezi michache zote mbili hufa. Dawa ni kipunguza umeme cha kutoka 24 kwenda 12, chenye uwezo unaozidi mzigo wa redio.

Antena yafaa ikae katikati ya paa la bati. Kwa masafa ya megahezi 150 fimbo yake huwa kama sentimita 50. Rangi ikwanguliwe pale inapokaa, kisha pakwe grisi, maana hewa ya chumvi ya pwani yetu huleta kutu upesi. Asibonyeze mtu kabla antena haijaungwa, asije akaunguza redio.

Kabla ya yote hayo chama kipate leseni ya masafa kutoka Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwa mujibu wa Sheria ya mwaka 2010.

Siku ya kupokea gari kutoka kwa fundi, katibu aombe injini iwashwe, dereva abonyeze, na volti zipimwe nyuma ya redio. Zikishuka chini ya 13, ilhali betrini ni karibu 14, fundi asilipwe kwanza.