Saratani ya Mapafu: Mionzi Mingi Si Dawa Zaidi

Wengi huamini kwamba mgonjwa wa saratani ya mapafu akipigwa mionzi mingi zaidi, nafasi yake ya kupona huongezeka. Dhana hiyo ina mantiki: mionzi hukata vinasaba ndani ya seli, na seli iliyoharibika hivyo hushindwa kugawanyika, ikafa. Hata mabingwa walitarajia hivyo. Ndipo likafanyika jaribio la RTOG 0617 kwa wagonjwa waliofikia hatua ya 3 ya ugonjwa: wengine walipewa grei (kipimo cha dozi ya mionzi) 60, dozi ya kawaida, wengine 74, pamoja na kemotherapi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Nusu ya waliopewa dozi ya kawaida waliishi zaidi ya miezi 28.7; kwa wale wa dozi kubwa, kiwango hicho kilikuwa miezi 20.3 tu. Mionzi haichagui. Ikielekea kwenye uvimbe huweza kupitia sehemu za pafu zisizo na ugonjwa, umio na moyo, na uchambuzi wa jaribio hilo ulihusisha mionzi iliyofika moyoni na vifo vya mapema. Tena pafu halitulii: mgonjwa akivuta pumzi kiwambo, msuli ulio chini ya mapafu, hushuka, na uvimbe ulio chini ya pafu unaweza kusogea zaidi ya sentimita 1. Mtaalamu asiyeufuatilia mwendo huo kwa picha za CT hulazimika kupanua eneo la kupiga, na nyongeza hiyo yote huangukia nyama isiyo na ugonjwa.

Mtu anaweza kuuliza: mbona uvimbe mdogo hutibiwa kwa dozi kali mno? Ni kweli. Katika jaribio la RTOG 0236, lililochapishwa mwaka 2010, wagonjwa wasioweza kupasuliwa walipewa grei 54 kwa vipindi 3 tu, na baada ya miaka 3 uvimbe wenyewe ulikuwa umedhibitiwa kwa takriban asilimia 98. Lakini ulikuwa uvimbe usiofika sentimita 5, ulio mbali na njia kuu za hewa, na miale ilitoka pande nyingi ikakutana juu yake; nje ya hapo dozi ilishuka haraka. Kilichoruhusu ukali ule ni shabaha.

Pingamizi zito zaidi ni la huku kwetu Tanzania: mashine ni chache, na wagonjwa wengi hufika wamechelewa. Hapo pia dozi ndogo ina kazi kubwa. Mwaka 1991 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba vipindi 2 vya grei 8.5, kwa kupishana wiki moja, viliwapunguzia wagonjwa kukohoa damu na maumivu ya kifua sawa na ratiba ndefu ya vipindi vingi. Kwa anayesafiri kutoka Mtwara hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, tofauti hiyo ni nauli, malazi na siku za kukaa na wanawe. Kwa hiyo unayemuuguza ndugu, usimwombe daktari aongeze mionzi. Muulize kama lengo ni kuponya au kutuliza, na moyo utakingwaje.