Chujio la hewa la gari: Kazi ya dakika kumi inayoilinda injini

WAMILIKI wengi wa magari jijini Dar es Salaam huijua tarehe ya kumwaga oili na hujua ni tairi lipi limeanza kuisha. Ni wachache wanaoweza kusema chujio la hewa la injini, ambalo mafundi wa gereji hupenda kuliita 'ea klina', lilibadilishwa lini kwa mara ya mwisho. Kifaa hicho hakipigi kelele kinapochakaa, na katika magari mengi madogo hakina taa ya kukisemea kwenye dashibodi. Husahaulika mpaka siku fundi anapofungua boneti na kukitoa kikiwa kimejaa vumbi na majani.

Umuhimu wake huonekana mtu anapopiga hesabu ya hewa inayoingia katika injini. Ili kilo moja ya petroli iungue sawasawa, zinahitajika takriban kilo 14.7 za hewa. Kwa ujazo, lita moja ya petroli huhitaji karibu lita 9,000 za hewa. Gari linalotumia lita 30 kwa wiki huvuta, basi, zaidi ya lita 250,000 za hewa katika siku hizo saba. Kwa mtu anayeishi pembezoni mwa jiji, ambako barabara nyingi za mitaani hazina lami, sehemu kubwa ya safari za kiangazi ni za kumeza vumbi lililotimuliwa na gari la mbele.

Vumbi la barabarani si uchafu mwepesi wa kufuta kwa kitambaa. Ndani yake mna chembe za mchanga, ambazo zikipenya hadi kwenye silinda huchanganyika na oili na kufanya kazi ya msasa. Ringi za pistoni hulika, kuta za silinda hukwaruzika, mgandamizo hupungua, na gari huanza kula oili na kutoa moshi wa bluu. Hapo tiba yake ni kufumua injini, gharama ambayo haina ulinganifu hata kidogo na bei ya kipande cha karatasi kilichokunjwa. Magari yaliyofungwa mfumo wa gesi asilia hayajasamehewa, kwani nayo huvuta hewa kupitia chujio lilelile.

Kuna dai moja linalorudiwa sana gereji, kwamba chujio chafu ndilo linalomaliza mafuta. Dai hilo lilikuwa na ukweli zaidi enzi za kabureta, ambapo hewa ikipungua mchanganyiko uliongezeka petroli. Utafiti wa Maabara ya Taifa ya Oak Ridge nchini Marekani, uliotolewa mwaka 2009, ulionyesha kuwa katika magari ya petroli ya kisasa, ambayo kompyuta hupima hewa na kupunguza mafuta kwa kadiri yake, chujio lililoziba halibadilishi sana matumizi ya mafuta. Kinachopungua ni nguvu ya kuchapuka, na dereva huihisi zaidi anapopanda mlima au anapotaka kulipita lori. Kwa hiyo anayebadili chujio akitarajia nafuu kubwa kwenye kituo cha mafuta huenda asiione. Sababu ya kweli ya kulibadili ni kuilinda injini na kuirudishia pumzi.

Muda wa kulibadili hutajwa katika kitabu cha gari, na hutofautiana kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine. Vitabu hivyo huelekeza pia kuwa gari linalopita kwenye vumbi lichunguzwe mapema zaidi. Rangi pekee haitoshi kuwa kigezo. Chujio lenye vumbi kidogo hunasa chembe ndogo vizuri kuliko jipya kabisa, kwa sababu vumbi lililotangulia huziba matundu makubwa ya karatasi. Njia rahisi ni kulishika mbele ya tochi: mwanga ukipenya katika mikunjo mingi, bado linafaa, ukifichwa kabisa, au karatasi ikiwa imelowa, imepakaa oili au imechanika, muda wake umekwisha.

Anayekwenda kununua jipya, iwe Kariakoo au kwenye duka la mtaani, hana budi kubeba la zamani au namba ya chesisi. Magari mawili yenye jina moja yanaweza kuwa na injini tofauti na machujio tofauti. Yalinganishwe urefu, upana na kina, kisha uangaliwe mpira wa ukingoni, ambao unapaswa kuwa laini na usio na mpasuko. Chujio linalopwaya ni baya kuliko chafu, kwa kuwa hewa hupita pembeni bila kuchujwa.

Kazi yenyewe inaweza kufanywa nyumbani, gari likiwa limezimwa na injini imepoa. Boneti ikifunguliwa, kitafutwe kisanduku cheusi cha plastiki kilichounganishwa na bomba nene linaloelekea kwenye injini. Katika magari mengi kiko ubavuni, na katika mengine kimekaa juu ya injini. Mfuniko wake hushikwa na klipu za chuma zinazofunguliwa kwa vidole, ama na skrubu zinazohitaji bisibisi. Baadhi ya mifuniko huwa na sensa ya kupima hewa iliyounganishwa na waya. Ni vema mfuniko uinuliwe taratibu bila kuuvuta waya huo, na sensa yenyewe isiguswe.

Kabla ya kulitoa chujio la zamani, iangaliwe namna lilivyolala. Likishatolewa, mdomo wa bomba la kuelekea injini uzibwe kwa kitambaa safi, kisha vumbi na majani yaliyobaki chini ya kisanduku yafutwe kwa kitambaa chenye unyevu. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa kupuliza kisanduku kwa upepo wa kompresa na kuusukuma uchafu kule kule walikotaka usifike. Upepo huo huo ukielekezwa kwenye chujio la karatasi huweza kulichana kwa matundu yasiyoonekana kwa macho. Wala chujio la karatasi halioshwi kwa sabuni.

Jipya liwekwe kwa kufuata mkao wa la zamani, mpira ukikaa wote ndani ya mfereji wake. Kwenye mifuniko mingi kuna ndoano ndogo upande wa nyuma ambazo sharti ziingie kwanza, ndipo klipu za mbele zifungwe. Klipu ikihitaji kulazimishwa, mara nyingi ni ishara kuwa ndoano haikuingia au chujio limepinda. Kitambaa kisisahaulike ndani ya bomba.

Injini ikishawashwa, isikilizwe kwa dakika chache. Mluzi, muungurumo usiotulia, au taa ya injini kuwaka kwenye dashibodi huashiria kuwa mfuniko haukukaa au waya wa sensa umechomoka. Gari lizimwe na kisanduku kifunguliwe upya. Baadhi ya mafundi huandika kilometa za siku hiyo kwa kalamu ya wino mzito juu ya mfuniko, na atakayelinunua gari hilo baadaye hatakuwa na haja ya kumuuliza mtu.