Dizeli Mpya Katika Mashine Kuukuu

Tangu tarehe 1 Januari 2015, siku ambayo nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliiazimia kuwa mwanzo wa kuuza dizeli isiyozidi sehemu 50 za salfa katika kila sehemu milioni, ilhali kabla yake kipimo kilikuwa 500 na hata zaidi, ni nadra kuingia gereji ya magari makubwa usisikie ikinenwa kwamba dizeli ya siku hizi ni kavu, na kwamba mwenye Land Rover ya marehemu baba yake au trekta la Massey Ferguson 135 sharti anunue kichupa cha dawa akimimine tangini kila ajazapo, la sivyo ataizika pampu yake kabla ya mwaka kwisha. Neno hili lina ukweli ndani yake, wala si haki kulidharau. Lakini ukweli wenyewe umekaa mbali kidogo na pale wauza vichupa wanapouonyesha.

Salfa yenyewe hailainishi kitu. Mtambo wa kusafishia mafuta, unapotaka kuiondoa, huyapitisha mafuta ya moto pamoja na gesi ya hidrojeni juu ya kichocheo, kwa shinikizo kubwa, na hidrojeni hiyo ikisha kuinyakua salfa haiishii hapo, bali huziharibu pia chembe chache zenye nitrojeni na oksijeni ambazo zilikuwa na tabia ya kugandama juu ya chuma na kukifanyia utando. Na utando huo, mwembamba kupita kiasi cha kuonekana, ndio uliokuwa ukizuia chuma na chuma visilane. Salfa, kinyume cha wasemavyo wengi, ilikuwa adui: ikiungua na kukutana na maji hugeuka tindikali, ikala ringi na kuiharibu oili kabla ya wakati wake. Kwa upande huo dizeli mpya ni neema kwa injini kuukuu kama ilivyo kwa mapafu ya watu.

Taabu iko katika pampu. Pampu za mstari, zilizofungwa katika malori mengi makubwa ya zamani, zina oili inayolainisha sehemu yake ya chini, basi huumia kidogo. Lakini CAV DPA, iliyo katika Land Rover za zamani na matrekta niliyoyataja, na hali kadhalika pampu za mzunguko za aina ya VE, ambazo jamaa yake imo katika Land Cruiser za injini ya 1HZ, hazina kilainisho kingine ila dizeli ileile inayopita ndani yake. Nafasi iliyopo kati ya pistoni ndogo ya pampu na nyumba yake ni mikroni chache tu, ilhali unywele wa mtu hufikia mikroni 70 hivi. Mtazame fundi wa pampu akifungua iliyokwisha kulika: hukishika kile kipande penye mwanga, akakigeuza polepole kwa ncha za vidole, kwani kilicho kizima hung'aa kama kioo, na kilicholika huwa na michirizi ya kijivu iliyonyooka, ambayo ukucha hauihisi, lakini dizeli iliyoshinikizwa huipata ikawa njia ya kurudia nyuma. Dalili yake hujulikana sana barabarani, ingawa wachache huifahamu sababu: gari huwaka vizuri asubuhi, likisha kupata moto likazimwa haliwaki tena mpaka lipoe, maana dizeli ya moto ni nyepesi na huvuja kirahisi katika michirizi hiyo.

Waswidi waliyaonja haya kabla ya wengine, mwanzoni mwa miaka ya 1990, walipoingiza dizeli ya salfa isiyozidi sehemu 10 na pampu zikaanza kufa. Kipimo cha ulainisho kinachotumika hata leo ni chepesi kukieleza: mpira wa chuma wa kipenyo cha milimita 6 husuguliwa juu ya kisahani cha chuma ndani ya dizeli ya nyuzi 60 za Selsiasi, ukienda na kurudi mara 50 kwa sekunde, kwa dakika 75, kisha kovu lililobaki juu ya mpira hupimwa kwa hadubini. Kanuni ya Ulaya, EN 590, hairuhusu kovu lipite mikroni 460. Wamarekani wameridhia 520. Na kulipunguza kovu hilo hakuhitaji mengi, kwani dawa ya ulainisho ya sehemu 100 au 200 katika milioni aghalabu hutosha, au dizeli itokanayo na mafuta ya mimea ikichanganywa kwa asilimia 2 hivi.

Dawa hiyo, basi, hutiwa na wasafishaji au wauzaji wa jumla kabla dizeli haijafika kituoni. Tangu kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kilichoanza kazi mwaka 1963, kuacha kusafisha mafuta mwaka 2013, dizeli yetu huja ikiwa tayari imesafishwa, nyingi yake kutoka Ghuba. Na mnunuzi aliyeipata kama ilivyoshushwa bandarini hana haja ya kumimina tena kitu kilekile.

Lakini haifiki daima kama ilivyoshushwa. Mafuta ya taa yakichanganywa na dizeli huiondolea ulainisho wake, na uchakachuaji huo ulienea hata Tanzania ikaanza kutia vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili faida ya wachakachuaji ipotee. Kenya nayo mwaka 2018 iliyatoza shilingi 18 kwa lita kwa sababu hiyohiyo. Mwenye pampu ya mzunguko anayelazimika kununua dizeli ya madumu kando ya njia ndiye, kwa maoni yangu, mwenye hoja ya kweli ya kubeba kichupa cha kulainisha. Wanaotia oili chafu iliyomwagwa kutoka injini nyingine wakidhani wanalainisha, hao huipelekea pampu chembe za chuma na masizi iliyojengwa isivione asilani.

Dawa nyingine zina mahali pake, napo ni padogo. Ya kuinua setani, yaani wepesi wa dizeli kuwaka yenyewe, yaweza kumfaa mtu wa Njombe asubuhi ya Julai, gari likitoa moshi mweupe na kugonga. Kule Tanga haina kazi kubwa. Ya kuzuia dizeli isigande kwa baridi nimeiona ikiuzwa Pwani, nikashangaa muuzaji anamtarajia mteja gani.

Katika habari ya maji ndipo panapohitaji hadhari. Hewa ya Pwani huacha jasho katika tangi lisilojaa, maji yakakaa chini, na mahali yanapokutana na dizeli huota vijidudu na kuvu vinavyotoa uteute wa kahawia, hususan katika majenereta ya akiba na mashua zilalazo muda mrefu. Zipo dawa zinazoyatenga maji yazame, na zipo zinazoyatawanya yapite injini pamoja na dizeli. Kwa mashine kuukuu yenye kikombe cha maji chini ya filta, aina ya kwanza ndiyo ya kutumainiwa, kwa kuwa maji yaliyotawanywa yakifika kwenye nozeli ya moto hugeuka mvuke ghafla na yaweza kuipasua ncha yake. Na atiaye dawa ya kuua kuvu au ya kusafisha tangi la miaka mingi achukue filta mbili za akiba, maana uchafu wote ulioachia utakwenda huko.

Ama ahadi ya kupunguza ulaji wa mafuta, idara ya Marekani ya mazingira, EPA, imekwisha kupima vifaa na dawa zaidi ya 100 vilivyodaiwa kuupunguza, na vilivyoonyesha faida yoyote ni vichache mno. Moshi mweusi aghalabu hutokana na filta ya hewa iliyoziba au nozeli inayodondosha badala ya kunyunyiza. Wa buluu, na ringi zilizolika. Dawa ya kusafisha yaweza kuibandua masizi nozeli iliyoziba kidogo, ila springi iliyolegea haikazi. Na pampu ya zamani ikianza kuvuja mara baada ya kubadilishiwa dizeli, sababu aghalabu ni sili za mpira zilizozoea kuvimba kwa viungo vya dizeli ya zamani na sasa zimesinyaa: fundi atatia mpya za mpira wa fluorokaboni, na uvujaji utakoma.