Kutafuta Besi kwa Kusikiliza

Mwanafunzi wa hapa Tabora apewapo wimbo wa Tabora Jazz, kama vile "Dada Asha", hukimbilia gitaa la solo, wala hatumlaumu, kwani ndilo lisikikalo zaidi. Sisi twashauri aanze na besi. Aisikilize, aivumishe midomo imefumbwa mpaka asikosee, ndipo aguse uzi. Mwalimu asimwandikie noti mapema.

Penye gitaa moja tu kazi haikwami: nyuzi 4 za besi hufuata mpango ule ule wa nyuzi 4 nene za gitaa, ila hulia oktava moja chini. Besi ikishapatikana, rithimu hukisiwa kwa urahisi, maana mara nyingi sauti zake hujengwa juu ya noti hiyo ya chini. Solo ije mwisho, kwa vipande vifupi vifupi.